Slaidi, video, SCORM au H5P? Kuchagua umbo la somo la kidijitali litakalotumika tena chuoni

Muhula ukikaribia, wahadhiri wengi ninaowajua hapa Kampala hufanya jambo lilelile. Wanafungua slaidi za mwaka jana, wanabadilisha tarehe kwenye ukurasa wa kwanza, wanazituma kwa kiongozi wa darasa, naye anazimwaga kwenye kundi la WhatsApp. Kesho yake zimeshachapishwa mtaani Wandegeya, slaidi sita kwa kila karatasi, herufi ndogo kama sisimizi. Hiyo nayo ni nyenzo ya kidijitali inayotumika tena, na wala siicheki. Imewafikisha wengi kwenye mahafali. Ila ukiulizwa kama mwenzako wa chuo kingine anaweza kuichukua, akaibadilisha na kuifundishia bila kukupigia simu hata mara moja, jibu huwa hapana.

Mimi nafundisha Kiswahili kwa walimu tarajali. Tangu vyuo vilipofungwa Machi 2020 nimetengeneza masomo ya kidijitali kwa maumbo manne: slaidi, video, kifurushi cha SCORM (somo zima lililofungwa kwenye faili moja) na H5P (masomo na mazoezi madogo ya kubofya). Mengine yako hai hadi leo, mengine nimeyazika. Ulinganisho huu ni kwa mhadhiri au idara inayotaka kuchagua kabla ya kumwaga fedha na kukesha.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Mwaka 2000 David Wiley, mtaalamu wa teknolojia ya elimu, alikieleza kitu cha kujifunzia kuwa ni rasilimali yoyote ya kidijitali inayoweza kutumika tena kusaidia watu wajifunze. Maana hiyo ni pana mno: picha moja ya moyo wa binadamu inaingia, na kozi nzima ya miezi minne inaingia. Kazini kwangu nimeibana. Ni kipande chenye lengo moja, mwanafunzi anakimaliza kwa dakika 10 hadi 15, na hakuna mahali ndani yake panaposemwa "kama tulivyoona juma lililopita". Maneno hayo manne yameua masomo mengi mazuri, maana kwa mwalimu mwingine hakuna juma lililopita.

Slaidi na video

Slaidi zina sifa ambayo watu wa teknolojia huisahau: kila mtu anaweza kuzihariri. Hata mhadhiri ambaye Moodle, ule mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, anaisikia tu anajua kufuta mstari kwenye PowerPoint na kuandika mwingine, na asiye na PowerPoint anazifungua kwa LibreOffice bila kulipa senti. Ugonjwa wake ni kwamba slaidi ni mifupa, nyama iko kinywani mwa mwalimu. Mwenzangu akipata slaidi zangu za ngeli anakuta "KI-VI: tazama mifano", na mifano haipo, kwa sababu niliiandika ubaoni. Dawa yake ipo siku zote na ni ya bure: ile sehemu ya maelezo chini ya kila slaidi, ambayo wengi huiacha tupu, ndimo uandike yale uliyokuwa uyaseme. Na ukitoa PDF, toa na faili la asili pamoja. PDF inasomeka vizuri, lakini kuihariri ni adha.

Video ni kinyume chake. Nyama yote imo, na ndiyo inayooza. Mwaka 2021 nilirekodi video ya dakika 18 kuhusu hadhi ya Kiswahili nchini. Nilieleza marekebisho ya Katiba ya 2005 yaliyokifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, kisha, dakika ya saba hivi, nikasema serikali bado inasuasua. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Sentensi yangu moja ikaiharibu video yote. Kwenye slaidi ningefuta mstari. Kwenye video nilivaa shati lilelile, nikakaa dirisha lilelile, nikangoja jua lifike palepale, na bado kiraka kilionekana: kwa sekunde ishirini nilikuwa nimenenepa.

Halafu kuna bando. Video iliyobanwa hadi megabiti 1 kwa sekunde inakula megabaiti 7.5 kila dakika, kwa hiyo ile ya dakika 18 ni megabaiti 135. Sauti peke yake, kwa kilobiti 32 kwa sekunde, ni kilobaiti 240 kwa dakika. Maelezo yaleyale ya dakika 18 yanaingia kwenye megabaiti 4.3. Tangu Julai 2021 bando la intaneti Uganda lina kodi ya asilimia 12, iliyochukua nafasi ya zile shilingi 200 za kila siku za mitandao ya kijamii. Mwanafunzi anayepanga Kikoni anaijua hesabu hii kuliko mhadhiri anayetumia intaneti ya ofisini.

Kwa hiyo video niliibakizia kazi moja: jambo ambalo lazima lionekane likitendeka. Mkono wa muuguzi ukifunga bandeji, injini ikifunguliwa, midomo ikitofautisha "dh" na "th". Dakika 3 au 4, bila tarehe, bila jina la waziri. Kwa mengine yote, slaidi zenye maelezo yaliyojaa na faili la sauti kando zinashinda, hata kama hazimfanyi mkuu wa kitivo apige makofi.

SCORM na H5P

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, basi nitakaa kidogo.

SCORM ni utaratibu wa kufunga masomo uliotoka kwenye mpango wa ADL wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Toleo la 1.2, la Oktoba 2001, bado liko kazini kila mahali. Ukikifungua kifurushi chenyewe ni faili la zip: kurasa za wavuti, picha, sauti, na faili moja liitwalo imsmanifest.xml linaloueleza mfumo uanze na nini. Ukikipandisha kwenye Moodle, ambayo ndiyo iliyo chini ya MUELE, mfumo wa kozi za mtandaoni wa Makerere, somo linaanza kuzungumza na mfumo: huyu ameingia, ameishia ukurasa wa sita, amepata 14 kati ya 20, amemaliza. Kifurushi hichohicho kinahamia mfumo mwingine kabisa bila kuandikwa upya. Kwa idara inayotakiwa kuonyesha nani alimaliza nini na lini, hilo si jambo dogo.

H5P ni ya juzi tu. Ilianza 2013 Tromsø, Norway, ni programu huria, na kazi yake ni mazoezi na masomo madogo: maswali ya kuchagua, kujaza nafasi, imla, video yenye maswali katikati, kadi za msamiati. Imo ndani ya Moodle yenyewe tangu toleo la 3.8 la Novemba 2019, na toleo la 3.9 la Juni 2020 liliongeza maktaba ya maudhui, yaani ghala ambalo zoezi moja linakaa na kozi kadhaa zinalitumia. Faili lake nalo ni zip.

Kwa nje, basi, vinafanana. Tofauti utaiona siku ya kusahihisha kosa.

Chuo kimoja nilichowahi kufundisha kilimlipa mtaalamu atutengenezee vifurushi vya SCORM. Vilipendeza kweli: katuni, kengele ukipata, sauti ya mama mmoja mwenye lafudhi safi ya Mombasa. Mwaka wa pili tukagundua kwamba kwenye swali la 9 wingi wa "uso" umewekwa "mauso". Neno moja tu. Lakini kile tulichopewa kilikuwa kifurushi kilichokwishafungwa. Ili kubadilisha "mauso" kuwa "nyuso" tulihitaji faili la chanzo, lile alilokuwa akifanyia kazi ndani ya programu yake ya kulipia. Alikuwa nalo yeye, mkataba haukulitaja, na simu yake ikawa haipatikani. Posho, yaani ugali wetu, ikishasongwa hairudi kuwa unga. Kwa mihula mitatu nilisimama mbele ya darasa nikitangaza: "Mkifika swali la 9, chagueni jibu lisilo sahihi ili mpate alama." Walimu tarajali hao! Mmoja aliuliza kama na kwenye mtihani aandike hivyo.

H5P inakupa unga. Chini ya zoezi kuna kitufe cha kulitumia tena. Mwenye zoezi akiruhusu, mwenzake analipakua, analipandisha kwake, na anaona visanduku vilevile ambavyo mtengenezaji alivijaza. Anafuta, anaandika, anahifadhi. Ndani ya faili hilohilo kuna pa kuandika jina la mwandishi, leseni na kumbukumbu ya mabadiliko, kwa hiyo ukoo wa somo unasafiri nalo.

Hata hivyo sitaki mtu atoke hapa akidhani H5P haina aibu zake. Majibu sahihi yanashushwa kwenye kivinjari cha mwanafunzi pamoja na maswali, na kijana wa sayansi ya kompyuta atayasoma humo kabla hujamaliza kunywa chai. Usiitumie kwa mtihani. Baadhi ya aina zake, hasa za kuburuta na kudondosha, humtesa mwanafunzi asiyeona anayetegemea programu ya kusomewa skrini. Nayo SCORM 1.2 ina kibuyu kidogo cha kumbukumbu: nafasi ya kuhifadhi mwanafunzi alipoishia ni herufi 4,096 tu, na kozi ndefu ikiijaza, mwanafunzi anarudishwa mwanzo huku akilaani mtandao. Na ukiagiza SCORM kwa ajili ya Moodle, agiza 1.2. Muuzaji atakusifia toleo la 2004 kwa kuwa ni jipya zaidi, lakini Moodle hailihudumii kikamilifu.

Kuhusu kufanya kazi bila mtandao hakuna mshindi wa wazi. Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, hakuna umbo lililokuwa na faida kama lilikaa kwenye seva peke yake. Programu ya simu ya Moodle inaweza kupakua H5P na SCORM 1.2 zote mbili, mwanafunzi akafanya zoezi kijijini kwao Kisoro bila mtandao, na alama zikapanda siku anapopata mtandao, lakini lazima awe ameshapakua kabla. Kwa njia ya flashi, H5P ina mbeleko nzuri zaidi: programu ya bure iitwayo Lumi inafanya kazi kwenye laptopu bila intaneti, na inaweza kulitoa zoezi likiwa faili moja la HTML linalofunguka kwenye kivinjari chochote. Baadhi ya simu hugoma kulifungua moja kwa moja kutoka WhatsApp. Likihifadhiwa kwanza kwenye simu, linafunguka. Alama hazirudi kwa mwalimu kwa njia hiyo. Mimi hilo halinisumbui kwa mazoezi. Kwa mwenye kutaka takwimu litamsumbua.

Kuna njia ya katikati ambayo watu huipita bila kuiona: eXeLearning. Ni programu huria, unaiweka kwenye kompyuta yako, unaandika somo lako kama unavyoandika kitabu chenye sura, unabaki na faili la chanzo, kisha kutoka hapo unatoa SCORM 1.2, au tovuti ndogo, au EPUB ya kusomea kwenye simu. Sura yake haivutii, na hilo ndilo kosa lake kubwa. Lakini kama idara inashikilia kwamba lazima iwe SCORM, hii inakupa SCORM bila kupoteza unga.

Ukurasa wa "ekitabo"

Umbo likishachaguliwa linabaki swali gumu zaidi, ambalo halina programu ya kulitatua: uweke mazingira ya mwanafunzi kiasi gani ndani ya somo?

Nina kipande changu cha ngeli ya KI-VI ambacho nilikipenda kama mtoto wa kwanza. Kinaanza hivi: mwanafunzi anaonyeshwa "ekitabo, ebitabo" na "ekintu, ebintu", maneno anayoyatumia tangu utotoni, kisha anaulizwa yanafanana na nini katika Kiswahili. Kitabu, vitabu. Kitu, vitu. Mganda anacheka, anagundua kwamba ngeli alikuwa nazo nyumbani siku zote, na kwamba kazi yake ni kubadilisha kiambishi tu. Mnyankole na Msoga nao wamo. Dakika nne zinafanya kazi ambayo zamani ilinichukua saa nzima ya ubao na chaki.

Kisha siku moja, baada ya kipindi, kijana mmoja wa kutoka Arua alinifuata mlangoni. "Mwalimu, mimi ni Mlugbara. Hiyo ekitabo yenu ilikuwa lugha ya tatu kwangu. Nilijifunza Kiganda ndiyo nielewe Kiswahili." Hakuwa anatania. Kilugbara si lugha ya Kibantu, na Kiacholi vilevile. Mfumo huu wa viambishi vya umoja na wingi haupo kwao. Kile kilicholifanya somo liwe tamu Mukono, kwa Waganda, ndicho kilicholifanya liwe kizuizi kaskazini.

Wiley ameliandika tatizo hili akaliita kitendawili cha kutumika tena: kadiri somo linavyofungamana na mazingira ya mwanafunzi ndivyo linavyofundisha vizuri, na kadiri linavyofungamana nayo ndivyo linavyokuwa gumu kuhamishika. Miaka ya mwanzo watu waliyafananisha masomo haya na matofali ya LEGO, kwamba kila kimoja kitashikana na kingine chochote. Wiley mwenyewe aliupinga mfano huo, akapendekeza atomu: zina muundo wake, na hazishikani ovyo. Kwa uzoefu wangu yuko sahihi.

Njia mbili zinashindana hapa. Moja ni kukausha somo: toa Kiganda, toa Wandegeya, toa boda boda, bakiza sarufi tupu. Linakuwa la kila mtu na halimgusi mtu. Nyingine ni kulifunga vifungo: kiini kikae peke yake, na mazingira yakae kwenye ukurasa unaong'oleka. Niliichukua ya pili. Kipande changu cha KI-VI sasa kina mafaili matatu: ukurasa wa kuanzia (ule wa ekitabo), kiini chenye maelezo na mifano ya Kiswahili kitupu, na mazoezi. Kiini hakiutaji ukurasa wa kuanzia hata kwa neno moja. Atakayekichukua ataandika mlango wake mwenyewe, na kuta zitabaki. Inaongeza kazi kwa mtengenezaji, labda theluthi. Mimi naona inalipa ikiwa watu wawili tu watalichukua somo.

Leseni, kwa ufupi

Leseni za Creative Commons, zile za kuwaruhusu wengine watumie kazi yako, ziko sita na mjadala wake hauishi, lakini kwa kusudi letu uchaguzi ni mwepesi. Yoyote yenye ND inazuia kusambaza toleo lililobadilishwa. Ukiiweka umelifunga somo kwa kufuli na kuandika "karibu" mlangoni. CC BY inataka utajwe tu. CC BY-SA inataka anayelibadilisha naye aliachie kwa leseni ileile. Ile yenye NC inapiga marufuku biashara, na watu huipenda kwa hofu ya kuibiwa, lakini ina mtego: huwezi kuchanganya maudhui ya BY-SA, kama ya Wikipedia, na ya BY-NC-SA, kama ya MIT OpenCourseWare, ukatoa kazi moja mpya. Mimi natumia CC BY.

Kabla hujaiweka, soma mkataba wako wa kazi. Chini ya sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006, kazi iliyotungwa na mwajiriwa akiwa kazini huwa ya mwajiri isipokuwa mkataba useme vingine. Barua ya ruhusa kutoka kwa mkuu wa idara ni karatasi moja, iombe mapema.

Kupima: fomu, wenzako, au wanafunzi watano

Vyombo vya kupimia nilivyovijaribu ni vitatu.

LORI ni fomu iliyotungwa Kanada na John Nesbit na wenzake. Ina vigezo tisa, kila kimoja kikipewa alama 1 hadi 5: ubora wa maudhui, kuoana na malengo, mrejesho kwa mwanafunzi, hamasa, mpangilio wa kuonekana, urahisi wa kutumia, kufikiwa na wenye ulemavu, kutumika tena, na kufuata viwango. Uzuri wake sikuuona nilipoijaza peke yangu. Nilijipa 4 kila mahali, kama mzazi anayesahihisha daftari la mwanawe. Niliuona tulipokaa watatu. Utaratibu waliouandika wenyewe ni huu: kila mmoja ajaze peke yake kwanza, kisha mkutane na muanze na kigezo ambacho alama zenu zimepishana zaidi. Kwenye kipande changu kimoja nilijipa 5 kwa mrejesho, mwenzangu akanipa 2. Aliniuliza: "Mwanafunzi akikosa, unamwambia 'umekosa'. Umemfundisha nini hapo?" Nilirudi nikaandika sababu kwa kila jibu baya. Saa moja ya ubishi ule ilinifaa kuliko warsha nyingi za siku mbili zenye chakula cha mchana.

MERLOT, mkusanyiko wa masomo ulioanzishwa 1997 na Chuo Kikuu cha Jimbo la California, unatumia vigezo vitatu tu: ubora wa maudhui, uwezo wake wa kufundisha, na urahisi wa kutumia. Ni mwepesi na unafaa kuchuja: una masomo 40 ya watu wengine kutoka mtandaoni na unataka kubaki na matano. Kwa kulirekebisha la kwako, ni mwembamba mno.

Cha tatu ni kukaa na wanafunzi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, alitetea kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo, na kwamba ni heri kujaribu na watano, kurekebisha, ujaribu tena na watano wengine. Nilifanya hivyo kwa zoezi la kutofautisha "l" na "r", kidonda cha wengi wetu Uganda: kula na kura, kalamu na karamu, mahali na mahari, hali na hari, mbali na mbari. Nilirekodi jozi kumi usiku, ndani ya kabati, nimejifunika blanketi ili boda boda zisisikike. Nikazitia kwenye imla ya H5P: mwanafunzi anasikia, anaandika, programu inamwonyesha alipokosea. Wenzangu kwenye LORI walilipatia zoezi hilo alama 5 kwa urahisi wa kutumia.

Kisha nikakaa na wanafunzi watano chini ya mwembe, kila mmoja na simu yake, mimi nikiwa na daftari na amri moja kwa nafsi yangu: nyamaza. Binti wa kwanza alisikia "kura", akaandika "kura", simu yake ikambadilishia ikawa "Kira", mji jirani na Kampala. Programu ikamwambia amekosa. Akaandika tena, ikabadilika tena. Mara ya tatu alinitazama kana kwamba mimi ndiye simu. Wa pili naye yakamkuta hayohayo kwenye "mbari". Wenzangu hawakuliona kwa sababu walijaribu kwenye laptopu, ambazo hazina kisahihishi kinachojipa madaraka. Nikaiondoa imla, nikaweka maswali ya kusikia na kuchagua kati ya maneno mawili. Marekebisho yalichukua dakika arobaini.

Kama una muda wa njia moja tu, chukua ya mwembe. Ukiwa na muda wa mbili, ongeza LORI ya watu watatu, na uifanye kabla ya wanafunzi ili usiwapotezee muda kwa makosa ambayo wenzako wangeyaona.

Basi uchague lipi?

Mhadhiri aliye peke yake, darasa la watu 300, mtandao wa kubahatisha: slaidi zenye maelezo yaliyojaa, sauti za dakika tatu tatu, na mazoezi machache ya H5P yaliyotolewa kama HTML. Usijenge kitu kinachohitaji mtu wa teknolojia, maana siku ya kumhitaji hatakuwepo.

Idara inayotakiwa na wafadhili au wathibitishaji wa ubora kuonyesha nani amekamilisha: SCORM 1.2, lakini kutoka eXeLearning. Kama mmeamua kumwajiri mtaalamu, andikeni kwenye mkataba kwamba malipo ya mwisho yatatoka baada ya faili la chanzo kukabidhiwa na mmoja wenu kulifungua na kubadilisha neno moja mbele yake. Neno lenyewe mnaweza kutumia "mauso".

Vyuo viwili au vitatu vinavyotaka kugawana masomo: H5P, CC BY, vipande vidogo, mlango ung'oleke. Kuhusu maelezo ya kulitafutia somo, kiwango cha LOM cha mwaka 2002 kina makundi tisa ya taarifa na hakuna mtu mwenye kazi nyingine atakayeyajaza yote. Jazeni matano: jina, lengo kwa sentensi moja, lugha, leseni, tarehe ya mwisho ya kurekebishwa.

Kigezo cha nane cha LORI, kutumika tena, mimi siku hizi sikijazi kwa makadirio. Namtumia mtu. Mwaka jana kipande cha KI-VI nilimpelekea mwalimu mmoja anayefundisha Arua, bila maelezo ya simu, nikangoja. Baada ya siku nane akajibu: "Kaka, ule ukurasa wako wa Kiganda nimeung'oa. Nimeweka picha za sokoni: kikapu, vikapu, kiatu, viatu, kiazi, viazi. Kwenye mazoezi swali la 4 halikuwa na sauti, nimerekodi yangu. Kiini sikukigusa." Aliambatisha faili la .h5p la mazoezi. Kwenye kumbukumbu ya mabadiliko alikuwa ameandika jina lake chini ya langu na tarehe, na sauti ya swali la 4 ilikuwa na jogoo anayewika kwa mbali. Nimeiacha.